Mpini usioteleza: Jinsi ya kufunika mshiko wa fimbo ya kuvulia samaki

MVUA inaponyesha Dundori, mkulima wa viazi hahitaji kufundishwa maana ya mshiko. Matope yakiufikia mpini wa jembe, kila pigo humgharimu nguvu mara mbili: kwanza ya kuchimba, pili ya kulizuia jembe lisimponyoke. Dawa yake anaijua tangu utotoni. Hukata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, akauzungusha kwenye mpini huku akiuvuta, akafunga fundo, kisha akarejea kazini.

Mkono huo huo ukishika fimbo ya kuvulia samaki hukutana na maadui wale wale: maji, baridi na mpini uliolainika kwa kutumiwa. Tofauti ni kwamba mkulima anayeponyokwa na jembe huinama akaliokota, ilhali mvuvi anayeponyokwa na fimbo huiona ikizama, na pengine hushawishika kuifuata mahali asipopaswa kutia mguu. Kwa sababu hiyo, kazi ya kufunika mpini, ambayo wengi huichukulia kuwa ya urembo, inahusu usalama wa mvuvi, afya ya mkono wake na fedha alizotumia kununua fimbo.

Jambo la msingi ni kwamba kifuniko hakileti mshiko kwa kuwepo tu. Mshiko mwema hutokana na kifuniko kushikamana barabara na mpini kwa chini, na umbo lake kupatana na kiganja kwa juu. Kimojawapo kikikosekana, kifuniko cha bei yoyote ile huzidisha madhara badala ya kuyapunguza.

Nyanda za juu na uvuvi wa fimbo

Dundori ni wadi katika eneobunge la Bahati, Kaunti ya Nakuru. Barabara inayotoka Lanet hupanda hadi huko, kisha ikaelekea Ol Kalou katika Kaunti ya Nyandarua. Eneo hilo liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake, hasa mwezi wa Julai, huwa na baridi inayofisha ganzi vidole. Wakazi wake wanajulikana zaidi kwa viazi, karoti, kabeji na ng'ombe wa maziwa kuliko kwa samaki.

Hata hivyo, wapenda uvuvi wa eneo hilo hawako mbali na maji. Kwa upande wa kusini kuna Ziwa Naivasha, na kwa upande wa mashariki kuna mito inayotiririka kutoka milima ya Nyandarua, ambayo pia huitwa Aberdare. Maeneo hayo mawili ndiyo yaliyoujenga uvuvi wa fimbo katika nyanda za juu za Kenya.

Samaki aina ya trauti aliingizwa nchini mwaka 1905, wakati Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Scotland na samaki wake wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima hiyo ya Nyandarua. Katika Ziwa Naivasha, samaki aina ya besi mwenye mdomo mkubwa (Micropterus salmoides), mwenyeji wa Amerika Kaskazini, alitiwa mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kapi (Cyprinus carpio) alionekana ziwani humo mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi.

Kila mmoja wa samaki hao hudai mshiko wake. Anayevua trauti hurusha mshipi mara nyingi sana kwa siku moja kwa fimbo nyepesi, na mkono wake unahitaji kuhisi mguso mdogo kabisa. Anayevua besi huvuta chambo cha bandia bila kupumzika, huku akiibana fimbo kwa muda mrefu. Anayesubiri kapi huweza kukaa saa nzima bila tukio, kisha fimbo ikavutwa ghafla kwa nguvu ambazo mkono uliolegea hauwezi kuzizuia. Mtu hawezi basi kuchagua kifuniko kabla ya kujua anakwenda kuvua nini.

Kwa nini mpini huteleza

Kitu hushikika kwa sababu ya msuguano kati ya nyuso mbili, na kwa sababu ya nguvu zinazozibana nyuso hizo pamoja. Maji yakiingia kati ya kiganja na mpini laini, hutandaza utando mwembamba unaozitenganisha nyuso hizo. Ute wa samaki ni mbaya zaidi, kwani ni mzito kuliko maji na haukauki upesi. Mpini wenye mifereji au vinyweleo huyapa maji mahali pa kukimbilia, kama vile mistari ya tairi inavyoyaondoa maji chini ya gurudumu barabarani.

Baridi nayo huongeza tatizo kwa njia isiyoonekana. Vidole vilivyokufa ganzi havipeleki habari sahihi, na mtu asiyehisi vyema anachokishika hukibana kuliko inavyohitajika. Baada ya saa mbili au tatu za kubana hivyo, misuli ya kigasha huchoka, malengelenge hutokea, na mvuvi wa mara kwa mara huweza kupata maumivu ya kiwiko yatokanayo na kuikaza misuli hiyo bila kupumzika. Mpini unaoshikika kwa urahisi humruhusu mtu kulegeza mkono, na faida kubwa ya kifuniko iko hapo. Anayekazana kuibana fimbo huwa amekwisha kushindwa na mpini kabla ya kukutana na samaki.

Vifuniko na tabia zake

Koki ndiyo iliyotumiwa kwa muda mrefu zaidi kwenye mipini ya fimbo za kisasa. Ni gome la mwaloni wa koki, mti wa nchi za Mediterania, na Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa kuizalisha. Gome hilo hubanduliwa mara moja kila baada ya miaka tisa hivi bila kuuangusha mti. Ndani yake mna vijumba vidogo vilivyojaa hewa, na kwa hiyo koki ni nyepesi, haipitishi baridi upesi, na haitelezi sana inapolowa. Udhaifu wake ni kumeguka. Vishimo hutokea, kingo hukatika, na mafuta ya mkono pamoja na uchafu huifanya iwe nyeusi na laini.

Povu la EVA ni aina ya plastiki yenye vijumba vya hewa, inayofanana na ile inayotumiwa kutengenezea soli nyepesi za viatu na ndara. Halinywi maji, husafishika kwa urahisi na huvumilia kugongwagongwa. Mara nyingi huuzwa likiwa na umbo la bomba linalovalishwa kwenye mpini. Wanaolilaumu husema kuwa hupunguza mtetemo unaotoka kwenye mshipi, jambo ambalo anayevua trauti hulijali kuliko anayevua kapi. Povu laini sana pia hubonyea mahali pa vidole na halirudi tena.

Mpira wa tyubu ndio ulio karibu zaidi na mkazi wa Dundori. Fundi wa baiskeli au wa pikipiki huwa na tyubu zilizotobolewa zisizozibika tena, na moja yatosha kufunika mipini kadhaa. Mpira huo una sifa ambayo vifuniko vingi vya dukani havina: hunyumbuka na kujibana wenyewe. Ukivutwa wakati wa kuzungushwa hukaza bila gundi. Kasoro zake ni tatu. Hauruhusu jasho kutoka, huweza kuacha weusi mikononi, na jua kali huufanya upasuke baada ya muda. Tyubu ya pikipiki ni nene kuliko ya baiskeli, na kwa fimbo nyepesi huongeza uzito bila faida.

Utepe wa raketi za tenisi na ule wa usukani wa baiskeli za mashindano hupatikana katika maduka ya vifaa vya michezo. Umetengenezwa kwa ajili ya mikono yenye jasho, ni laini, na mara nyingi una gundi upande mmoja. Ni chaguo zuri kwa fimbo ya besi. Huchakaa upesi kuliko mpira, lakini hubadilishwa kwa dakika chache.

Kamba ya katani na uzi mnene wa pamba hutumiwa na wanaojitengenezea fimbo kwa miti au mianzi. Katani ni zao linalojulikana vyema katika Bonde la Ufa, kwani mashamba yake makubwa yako Mogotio, kaskazini mwa mji wa Nakuru. Mizunguko ya kamba huacha matuta madogo ambayo vidole huyashika vizuri hata kwenye mvua. Lakini nyuzi za asili hunywa maji, na zikibaki na unyevunyevu huoza na kunuka. Hivyo hupakwa vanishi nyembamba au nta ya nyuki. Vanishi ikizidi huyafunika matuta yote, na mpini ukarudi kuteleza kama ulivyokuwa.

Kuna pia mabomba ya plastiki yanayosinyaa kwa joto, yaliyobuniwa kwanza kwa ajili ya kufunika nyaya za umeme. Mengine hutengenezwa na mistari ya msalaba juu yake mahsusi kwa mipini ya fimbo. Bomba huvalishwa likiwa pana, likapashwa joto, likajibana kwenye mpini. Mazingira ya nyanda za juu huleta mtihani hapa. Mengi ya mabomba hayo huanza kusinyaa kwenye nyuzijoto 90 hivi na huhitaji joto la juu zaidi ili yakaze kikamilifu, ilhali kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94. Anayemimina maji ya birika juu ya bomba akiwa Dundori huenda akabaki na kifuniko kilichosinyaa nusu. Kifaa cha kupuliza hewa moto hufaa zaidi, mradi kisielekezwe mahali pamoja kwa muda mrefu, kwani joto kali huharibu gundi inayoshikilia nyuzi za fimbo ya kaboni au ya kioo.

Unene unaofaa

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa kifuniko kinene ndicho bora. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza zana zinazoshikwa kwa nguvu ziwe na mpini wenye kipenyo cha kati ya milimita 32 na 51. Kwa zana za kazi nyororo, zinazoshikwa kwa ncha za vidole, kipenyo kinachopendekezwa ni cha kati ya milimita 6 na 13. Fimbo ya kuvulia iko katikati ya hali hizo mbili, kwa kuwa hurushwa kwa wepesi lakini hubidi ishikwe kwa nguvu samaki anapovuta.

Mtu mwenye mpini wa milimita 28 akiongeza kifuniko cha milimita 2, kipenyo hufika milimita 32, kwa sababu unene huongezeka pande zote mbili. Akiongeza tabaka la pili hufika 36. Kwa kiganja kipana hilo si neno, lakini kwa mkono mdogo, wa kijana kwa mfano, vidole huanza kushindwa kuuzunguka mpini. Njia rahisi ya kupima ni kuishika fimbo kwa mkono utakaotumika: ncha ya kidole gumba yapaswa kukifikia kidole cha shahada au kukipita kidogo. Vikibaki mbalimbali, kifuniko kimezidi.

Kazi yenyewe

Kazi huanza kwa usafi, na hapo ndipo vifuniko vingi huharibikia. Mpini huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni, ukasuguliwa kwa sponji laini, ukasuuzwa, kisha ukaachwa ukauke kivulini kwa siku nzima. Wakati wa mvua, siku mbili ni bora. Unyevu unaofungiwa chini ya mpira hauna pa kutokea. Huozesha koki na mbao kutoka ndani, na mwenye fimbo hugundua hayo siku mpini unapovunjika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Vishimo vya koki huzibwa kabla ya kufunikwa. Unga wa koki unaopatikana kwa kuisaga koki ya chupa kwa msasa huchanganywa na gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, ukasindiliwa ndani ya vishimo, ukaachwa ugande usiku kucha. Asubuhi yake hulainishwa kwa msasa namba 220 au mwembamba zaidi. Mpini wa plastiki au wa mbao zilizopakwa vanishi nao hukwaruzwa kidogo kwa msasa ili upate mahali pa kushikilia.

Hatua inayofuata ni kukadiria urefu wa ukanda, jambo linalohitaji hesabu kidogo tu. Mpini wenye kipenyo cha milimita 28 una mzingo wa milimita 88. Ikiwa sehemu ya kufunikwa ina urefu wa milimita 300, na ukanda una upana wa milimita 25 huku kila mzunguko ukiufunika uliotangulia kwa thuluthi moja, basi kila mzunguko husogea mbele takriban milimita 17. Hiyo ni mizunguko 18, yaani ukanda wa mita 1.6 hivi. Kukata mita 1.8 huacha ziada ya kumalizia. Ukanda wa mpira unaovutwa hurefuka, kwa hiyo ziada huwa kubwa zaidi, lakini ni afadhali kukata kilichobaki kuliko kuunga katikati ya mpini.

Tyubu hukatwa sehemu ya valvu, ikapasuliwa kwa urefu, ikaoshwa unga mweupe uliomo ndani yake, kisha ikakatwa kanda zenye upana ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Mkasi mkali hufaa kuliko wembe, kwa sababu ukingo wenye mikwaruzo ndio mahali mpira unapoanzia kupasuka.

Kuzungusha huanzia chini, kwenye kitako cha mpini, kuelekea juu. Mpangilio huo una sababu. Ukingo wa kila mzunguko hutazama kitako, na kiganja kinachovutwa kuelekea kitako hupita juu ya kingo pasipo kuzikunja. Mzunguko wa kwanza hulala juu ya ncha ya ukanda ili kuifunga, na mvuto hubaki ule ule hadi mwisho. Mahali panapolegea hujikunja mvuvi anaporusha mshipi, na mkunjo huo ndio unaotoa malengelenge.

Kumalizia bila fundo ni sanaa inayojulikana na kila aliyefunga ndoano. Kabla ya mizunguko mitatu ya mwisho, kipande cha uzi imara kilichokunjwa mara mbili hulazwa kwenye mpini, kitanzi chake kikielekea mbele. Mizunguko mitatu hupita juu yake, ncha ya ukanda iliyopunguzwa upana hutiwa ndani ya kitanzi, kisha uzi ukavutwa na kuipitisha ncha hiyo chini ya mizunguko. Fundo la kawaida lingeacha tuta la kuumiza kiganja. Kwa usalama zaidi, ncha zote mbili za kifuniko hufungwa kwa uzi uliokazwa na kupakwa vanishi kidogo.

Wakati wa kuacha mpini ulivyo

Si kila mpini unahitaji kufunikwa. Koki iliyo nzima, ambayo imekuwa laini kwa sababu ya uchafu tu, hurudisha mshiko wake ikioshwa. Kuifunika ni kuibadilisha nyenzo nzuri kwa iliyo duni, na kuipoteza hisia ya mshipi bila sababu.

Zaidi ya hayo, kifuniko hakipaswi kutumiwa kuficha ugonjwa wa fimbo. Wakulima wa nyanda za juu wanalijua somo hili kupitia jembe. Mpini uliopasuka ukizungushiwa mpira huonekana mzima, na anayeuazima hana habari ya ufa uliomo, hadi siku jembe linapochomoka hewani. Kwa fimbo, dalili za kuangalia ni tatu: mpini unaozunguka juu ya fimbo ukisokotwa kwa mikono miwili, mlio wa kukatika unaposhinikizwa, na kiti cha kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachochezacheza. Kasoro hizo hurekebishwa kwa gundi ya epoksi au kwa fundi kabla ya jambo lingine lolote. Sehemu ya kiti cha kigurudumu yenyewe haifunikwi, kwa kuwa mpira ulio chini ya mguu wa kigurudumu huteleza na kukilegeza.

Hatari zisizoondolewa na kifuniko

Wapo wanaoamini kuwa mpini uliofunikwa kwa mpira humkinga mvuvi na umeme. Imani hiyo ni ya hatari. Fimbo nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mpira mweusi wa tyubu nao huchanganywa na masizi ya kaboni kiwandani, na haukutengenezwa kuwa kinga ya umeme. Kwa hiyo hakuna kifuniko kinachohalalisha kurusha mshipi chini ya nyaya za umeme au kuendelea kuvua radi inapopiga. Jambo la busara ni kuilaza fimbo chini na kuondoka kwenye maji.

Hatari ya pili ni viboko. Ziwa Naivasha lina viboko wengi, na katika miaka mbalimbali wameua na kujeruhi wavuvi na wapita njia. Kwa upande mwingine wa Dundori, Ziwa Ol Bolossat lililo karibu na Ol Kalou nalo lina viboko. Mvuvi anayejua kuwa mpini wake hauaminiki husogea karibu na maji, na fimbo ikimponyoka hufikiria bei yake kabla ya kufikiria maisha yake. Kifuniko chema hupunguza uwezekano wa fimbo kutumbukia. Ikitumbukia licha ya hayo, fimbo hununuliwa nyingine.

Wengi huponyokwa wakati wa kumtoa samaki majini, mkono mmoja ukiwa na fimbo na mwingine ukinyoosha wavu. Mshika mawili, moja humponyoka. Kamba fupi inayofungwa kati ya kitako cha fimbo na mkanda wa kiunoni, kwa anayesimama nchi kavu, au kati ya fimbo na mashua, ni nyongeza ndogo inayofanya kazi pamoja na kifuniko. Mtu asiifunge kamba hiyo kwenye kifundo cha mkono, kwani samaki mkubwa au mkondo wa mto huweza kumvuta pamoja na fimbo.

Gundi nazo zahitaji uangalifu. Gundi ya viatu na vimiminika vya kuiyeyushia hutoa mvuke unaodhuru na unaoshika moto. Kazi hiyo hufanywa nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko na mbali na watoto. Petroli haifai kusafishia mpini, kwani licha ya hatari ya moto, huharibu povu na kuikausha koki.

Utunzaji

Kifuniko hukaguliwa kila baada ya safari. Ute na matope huoshwa siku hiyo hiyo, mpini ukafutwa kwa kitambaa kikavu, na fimbo ikasimamishwa penye hewa badala ya kufungiwa ndani ya mfuko ikiwa mbichi. Kanda za mpira na tepe huondolewa kabisa angalau mara moja kwa mwaka ili mpini ulio chini yake uonekane. Ikiwa kuna harufu ya uvundo au madoa meusi, mpini huachwa ukauke kwa siku kadhaa kabla ya kufunikwa upya.

Mabaki ya kazi hiyo hayaachwi ukingoni mwa maji. Vipande vya mpira, utepe na mshipi wa nailoni hukaa miaka mingi bila kuoza, na ndege wa majini hunaswa navyo miguu. Zamani baadhi ya watu walizungushia mipini mifuko ya plastiki iliyosokotwa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Agosti 2017, na kwa vyovyote vile ilikuwa ikiteleza.

Anayejiandaa kwa safari anakumbushwa pia kuwa uvuvi nchini husimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na kwamba mito iliyo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare iko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Ruhusa hutafutwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Mpini ukiwa mkavu kwa ndani, ukiwa na unene unaolingana na mkono, na ukanda wake ukiwa umekazwa sawasawa, mvuvi huusahau kabisa. Hushika fimbo kwa kiganja kilicholegea, vidole vikiwa na nafasi ya kuhisi mshipi, na nguvu zake zikabaki kwa ajili ya samaki. Kwa mkazi wa Dundori, vifaa vya kazi hiyo ni tyubu iliyotupwa na fundi wa baiskeli, mkasi, uzi na siku moja ya kuusubiri mpini ukauke.